Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Magari Yaliyotelekezwa na Maegesho Holela Mitaani Kwetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha na ulinzi shirikishi zimo kwenye taarifa za mweka hazina na katibu. Mimi nitabaki kwenye magari, maana ndiyo yaliyoijaza meza ya kamati mwaka mzima.

Sinza yetu, hapa Dar es Salaam, ilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja na huduma, enzi ambazo mwenye gari mtaani alijulikana kwa jina. Njia za ndani zimebaki na upana uleule, ila sasa karibu kila uwanja una wapangaji, na mwisho wa wiki wateja wa baa na kumbi wanamalizia nafasi iliyobaki. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5, na la kunyonya majitaka halitofautiani nalo sana. Kwa hiyo kipimo cha kamati ni hiki: kati ya gari lililopakiwa na ukuta, mtaro au gari la upande wa pili, zibaki mita 3.5. Zikipungua hapo tunahesabu kuwa njia imezibwa, hata kama gari dogo kama IST linapita.

Nianze na magari mabovu. Gari tunaloliita limetelekezwa huwa na mwenyewe, na mwenyewe huwa na sababu. Ukiijua sababu, kazi inakuwa nyepesi. Inayoongoza kwetu ni gereji bubu: fundi amepokea gari, mteja hajaleta hela ya injini, gari likasukumwa hadi mbele ya nyumba ya watu. Hapo notisi kwa mmiliki haina makali. Wa kubanwa ni fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyelitoa kwake akaliweka barabarani. Nyingine ni mirathi. Mzee amefariki, watoto hawajaelewana, na mahakama haijateua msimamizi. Mpaka ateuliwe hakuna mwenye mamlaka ya kusaini chochote, na anayemshawishi mtoto mmoja auze skrepa anajitafutia kesi na ndugu zake. Ipo ya mkopo, kadi ya gari iko kwa mkopeshaji. Huyu akisikia dhamana yake inaoza juani huja mbio kuliko wote. Na yapo yanayohusika na kesi polisi. Hayo hayaguswi hata tairi.

Kuna jambo jingine linalochangia. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na makato yakahamia kwenye mafuta. Kwa mwenye gari linalotembea ilikuwa nafuu. Kwa mwenye gari bovu, hakuna tena deni linalokua kila mwaka na kumsukuma alifute kwenye daftari la mamlaka ya mapato, TRA, au aliuze. Kulilaza barabarani hakumgharimu kitu.

Kumpata mmiliki huanza na namba ya usajili, lakini tahadharini: wanunuzi wengi hawabadilishi kadi, hivyo jina linalotoka linaweza kuwa la aliyeuza zamani. Pleti zikiwa zimeng'olewa, inatafutwa namba ya chesisi. Kwenye saluni ndogo nyingi za Toyota imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na ndani ya gari, chini ya kioo cha mbele. Kwenye magari ya aina ya Hiace itafuteni kwenye fremu upande wa kiti cha mbele. Kitambaa chenye dizeli kinatosha kuondoa kutu ili isomeke. Kazi hii ifanyike mbele ya askari au mtendaji wa mtaa. Mwanachama akifungua boneti ya gari la mtu peke yake, kesho yake betri ikikosekana ataulizwa yeye.

Umoja wetu wa wakazi hauna mamlaka ya kuvuta gari la mtu. Barabara za ndani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, Barabara ya Sam Nujoma iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na amri ya kuondoa gari inatoka kwao au kwa polisi wa usalama barabarani. Sisi tunaandaa faili: picha za pande nne na za ndani, fomu ya vilivyomo (saiti mira, taa, betri, redio, spea tairi, jeki), barua kwa serikali ya mtaa, kisha notisi ya siku 14 yenye muhuri wa mtendaji. Notisi ibandikwe kwa ndani ya nailoni, pembe zote nne. Ile ya kuchomeka kwenye waipa hupeperuka, na mmiliki atasema hakuiona. Fomu ya vilivyomo ndiyo inayozuia ugomvi baadaye, kwa sababu gari likikaa wiki mbili bila mlinzi huanza kupungua.

Siku ya kuvuta, kinachokwamisha breki dauni ni vitu vidogo. Betri ikiwa imekufa, gia ya otomatiki haitoki kwenye P. Pembeni ya gia kuna kitobo au kifuniko kidogo cha kuachia kufuli, na bisibisi nyembamba inatosha. Hendibreki iliyovutwa muda mrefu hushikana na ngoma, na gurudumu likiburuzwa hivyo linang'oa pevingi. Matairi yajazwe upepo siku moja kabla, maana yaliyolala muda mrefu hupasuka ubavuni, na ni afadhali yapasuke kukiwa na muda wa kutafuta mengine. Mkiazima magurudumu, hesabuni nati: Vitz, IST na Corolla nyingi zina nne, Noah na RAV4 zina tano, na hayaingiliani.

Gari likiwa bado linasubiri notisi, maji yaliyotuama kwenye matairi, buti na sakafu yaondolewe kila wiki. Mbu wa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anatimiza ukuaji wake kutoka yai hadi kuruka kwa siku kama kumi, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Siyo kazi ya kusubiri wanaopulizia dawa.

Maegesho holela ni rahisi kuyaeleza na magumu kuyamaliza, kwa sababu wanaoziba njia ni pamoja na sisi. Mawe na matairi ya zege mbele ya geti yaondolewe. Yamo ndani ya hifadhi ya barabara, na usiku bodaboda anayakuta kwa kifua. Tunachoweza kukiombea kibali TARURA ni nguzo fupi za zege kwenye kona na juu ya mitaro, zikiachana mita 1.5. Gari dogo halipiti hapo, kiti cha magurudumu kinapita. Zichimbiwe angalau nusu mita, maana nguzo ya juujuu Coaster inaiangusha ikirudi nyuma. Wenye kumbi tumewaomba waweke mtu wa kupanga magari tangu saa kumi na mbili jioni, kabla kona hazijajaa.

Yamebaki magari mawili. Moja ni la mirathi, na linasubiri mahakama. La pili ni basi dogo lisilo na injini, ambalo notisi yake imekwisha. Litavutwa kwa winchi kabla ya masika, kwa kuwa limekalia mfuniko wa mtaro na chini yake mchanga umeshajaa. Wenye nyumba mbili za jirani waache nafasi wazi asubuhi hiyo; katibu atatuma tarehe polisi wakishathibitisha.