Ithibati ya Uhindu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu usichana wangu bila kuwaandikia hata neno, lakini yule bwana aliyedai kwamba Wahindu wakipewa sikukuu kwa kila mungu Kenya itafungwa mwaka mzima amenichokoza.

Ziko wapi hizo sikukuu? Navaratri ni mikesha tisa ya mungu wa kike Durga mwenye mikono minane. Sisi wenye miwili tunacheza dandia, ngoma ya vijiti, hadi usiku wa manane, asubuhi tuko kazini. Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, ana siku kumi na hakuna ofisi inayofungwa hata nusu saa. Sheria inatupa siku moja tu, Diwali, sikukuu ya taa, tena ya Wahindu peke yao.

Na hiyo moja ni vita. Mwaka jana niliomba ruhusa, na kijana wa ofisi ya waajiriwa, mtoto mwenye adabu zake, akaniambia, "Mama, lete ithibati kwamba wewe ni Mhindu." Ithibati gani? Sisi hatubatizwi, hatuna cheti. Kila siku ananiona na tone jekundu kwenye paji la uso, sambusa zangu za viazi anazimaliza yeye, na harusini kwake pilau ya nyama ilinipita mbele ya macho! Nikamwonyesha Ganesha kwenye simu. Akamkagua kuanzia mkonga hadi panya anayempanda, akauliza kama huyo ndiye mwenyekiti wa hekalu. Barua ya hekalu ilipopatikana, Diwali imekwisha. Jioni yenyewe nilizichora nyayo za Lakshmi, mungu wa kike wa mali, kwa unga wa mchele, kutoka langoni hadi kabatini, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni.

Huku Oktoba 10 nchi nzima inalala. Ilikuwa ya Moi, ikawa ya Huduma, ikawa ya Utamaduni, sasa ni ya Mazingira. Mungu Vishnu mwenyewe, aliyewahi kuwa samaki, kobe na nguruwe mwitu, hajabadilika kwa kasi hiyo. Mwaka 2023 Diwali iliangukia Jumapili, na kesho yake wote tukapewa mapumziko ili tupande miti. Kwa miche hakuna aliyedaiwa ithibati.

Basi tangazo lijalo la Diwali liambatane na fomu ya ithibati. Sehemu ya shahidi nitamleta yule panya atie kidole, mradi saa nane niwe nimetoka, maana Lakshmi huja jioni na ladu, vitamu vyake, hazijikaangi.

Mhasibu,
Mombasa