Gunia la mabingobingo: barua kwa mwanangu aliyeko Tabora

Kasulu, Kigoma
Novemba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Shikamoo yako ya juzi niliipokea vizuri, ila mengine yote tuliyoongea yaliishia hewani, maana mtandao ulikatika kila nilipofika kwenye jambo lenyewe. Kwa hiyo leo nimekaa nikaandika. Karatasi hii utaibandika ukutani bandani, na kijana wako wa ng'ombe ataisoma mwenyewe siku ukiwa zamu.

Gunia linalokuja na treni lina mbegu za mabingobingo, majani ya kulisha ng'ombe wako, za namna mbili. Chini kuna pingili 120, nimezikata alfajiri ya leo kwenye mashina ya kingo ya tatu, yale yaliyo karibu na mwembe. Juu yake, ndani ya kipande cha kitenge nilichokilowesha, kuna machipukizi 30 niliyoyang'oa na mizizi yake. Likikufikia, hata iwe usiku wa manane, lifungue mdomo, liweke mahali pa ubaridi na ulinyunyizie maji kwa mkono. Usizitose pingili kwenye ndoo zikalala humo. Siku tatu nne zitavumilia. Zaidi ya hapo macho yake ya kuchipulia yataanza kukauka.

Usipande kwa sababu tu mvua imepiga mara moja. Ndani ya siku hizo subiri ardhi ilowe hadi chini. Nilipokuja kumwona mjukuu wangu niliuchota udongo wa nyuma ya nyumba yenu, nikauona: mchanga, maji yanapita kama kwenye chujio. Huku kwetu udongo mwekundu unashika maji, na kuanzia Oktoba hadi Mei hatuachani na mvua. Kwenu ikishapita Aprili ni jua na vumbi mpaka Novemba irudi. Basi usiige shamba langu. Mimi napanda kwa mistari juu ya kingo za makinga maji, mita moja kati ya mstari na mstari, nusu mita kati ya shina na shina, kwa kuwa shida yangu ni mteremko, na mizizi ya mabingobingo ndiyo inayozuia udongo usiishie bondeni. Shida yako wewe ni kiu. Kwako nataka uchimbe mashimo, ile njia wanayoiita tumbukiza.

Kila shimo liwe na upana wa sentimita 60 na kina sentimita 60. Udongo wa juu uweke upande wake, wa chini uutupe mbali. Kwa kila debe la udongo wa juu changanya madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri, rudishia shimoni, lakini usilijaze. Bakiza kama sentimita 15 kufikia mdomo, maana hapo ndipo maji ya mvua yatasimama badala ya kukimbilia kwa jirani. Pingili 6 kila shimo, utapata mashimo 20. Machipukizi yenye mizizi yapange matano matano, mashimo 6. Haya ya mizizi ndiyo ninayoyategemea zaidi kwenye mchanga wako, hivyo yape sehemu nzuri, karibu na maji ya kuoshea banda.

Kabla ya kufukia, shika pingili moja uitazame. Kila moja nimeikata iwe na vifundo vitatu. Kwenye kifundo utaona mstari mwembamba unaozunguka, lile ni kovu la jani, na juu kidogo ya kovu kuna kidoa kilichotuna, kama punje ya ulezi iliyobandikwa. Hilo ndilo jicho. Jicho likiwa juu ya kovu, pingili imesimama sawa. Likiwa chini ya kovu, umeigeuza kichwa chini miguu juu. Ilaze kidogo upande, vifundo viwili viingie udongoni, kimoja kibaki nje, kisha kanyagia taratibu kwa kisigino. Mwonyeshe kijana kwa mkono wako, usimwambie tu.

Kuna mchwa wa huko. Niliwaona walivyoumaliza ule ufagio niliousahau nje. Samadi mbichi na mabua makavu visigusane na pingili changa, maana ndivyo vinavyowaita. Na kama hapo nyuma kuna sangari, ing'oe yote na mizizi yake kabla ya kuchimba, maana ukishapanda itajificha katikati ya mashina na hutaitoa tena.

Sasa sikiliza lile ambalo simu ilikata kila nilipolianza.

Mali yako pale shambani ni shina. Majani ni maziwa tu ya shina hilo. Wewe umeniuliza mara tatu, "Mama, naanza kukata lini?" na hukuniuliza hata mara moja unatakiwa kubakiza nini.

Unakumbuka mwaka ule baba yako alipolazwa miezi miwili, wewe ukiwa kidato cha pili. Ilikuwa Julai na Agosti. Nilikuwa nashuka shambani jioni giza likiingia, nakata chochote mkono unachokamata, na nilikata hadi usawa wa ardhi kwa sababu sehemu ya chini ndiyo nzito na mizigo mingine nilikuwa nawauzia majirani nipate nauli ya kwenda kumwona. Yakichipua vidole viwili, nakata tena. Oktoba mvua zikashuka. Ndani ya wiki mbili kingo za wenzangu zilikuwa kijani, zangu zilikuwa kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Zaidi ya nusu ya mashina hayakuamka.

Niling'oa shina moja lililokufa na moja lililo hai, nikayaweka pamoja kwenye kizingiti cha jiko. Lile hai lilikuwa zito, nilipolipasua kwa panga ndani lilikuwa jeupe, lina unyevu, na mizizi yake imesimama. Lililokufa lilikuwa jepesi kama bunzi la mahindi, mizizi inakatika mkononi kama uzi uliooza. Hapo ndipo nilipoelewa kile baba yako alichokuwa akituambia siku zote, na mimi nikidhani ni ugumu wake tu. Majani ndiyo yanayotengeneza chakula kwa jua, na sehemu ya chakula hicho hushuka ikakaa kwenye kitako cha shina na kwenye mizizi. Shina likikatwa, huchota akiba hiyo ili lichipue. Ukilikata tena kabla majani mapya hayajarudisha kilichochotwa, umelikopa mara mbili. Mimi kiangazi kile nilikopa mara nne.

Ninyi mliamini yule mtamba mwekundu, mliyempa jina na kumchana manyoya, nilimuuza kwa ajili ya ada. Ada ilikuwa imeshalipwa. Nilimuuza kwa sababu sikuwa na majani ya kumlisha yeye na mama yake. Sijawahi kukwambia.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Mashimo hayo 26 hayawezi kumshibisha ng'ombe wako, na wala sikuyatuma kwa kazi hiyo. Ukipanda Novemba hii, kufikia mwisho wa Machi yatakuwa yamepita mita moja. Yakate mara moja tu hapo, kisha yaache yaote tena yaingie kiangazi yakiwa na majani mwilini. Usiyaguse hata ng'ombe akikulilia usiku. Novemba ijayo mabua hayo yatakuwa yamekomaa, utayakata pingili upande mashimo mengine 100 na zaidi. Mwaka wa pili ndipo utaanza kukata kama mfugaji: wakati wa mvua kila baada ya wiki 6 hadi 8, ukibakiza upana wa kiganja, sentimita 10 hivi. Kiangazi bakiza zaidi ya hapo, na ukate kwa zamu, sehemu moja ikikatwa nyingine inapumzika. Panga liwe kali, pigo moja la mshazari. Panga butu linapasua shina, maji yanaingia, linaoza. Na kila ukitoka kukata, palilia na urudishe samadi. Ulichobeba kimetoka ardhini.

Mkwe wangu anasema majani ya porini Tabora ni ya bure. Mwambie nimesikia, na anasema kweli kuanzia Desemba hadi Aprili. Ifikapo Septemba atembee na kijana wa ng'ombe huko porini amwonyeshe yalipo.

Kuhusu kulisha, ng'ombe wa kilo 400 anataka si chini ya kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na akikamuliwa anataka zaidi. Yaache yanyauke kidogo baada ya kukata, kisha yakatekate mafupi kama kidole, la sivyo atachagua majani na kukuachia vijiti horini. Yakizeeka hayana faida, anatafuna mchana kutwa na ndoo haijai. Lakini mabingobingo peke yake hayatoshi. Changanya na jamii ya mikunde kama lusina na desmodiamu, au hata na matembele ya viazi. Desmodiamu ukiipata, panda kidogo katikati ya mistari ya mahindi yako, na mabingobingo kuzunguka shamba. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, waliichunguza njia hiyo: harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa funza wa mabua, nao huvutwa na mabingobingo pembeni wakataga huko. Funza wakiangua, utomvu unaonata wa mabingobingo huwakwamisha, wengi wanafia humo.

Kitu kimoja kinaniuma. Juzi kwenye mkutano wa kijiji kijana mmoja alisimama akasema mabingobingo ni majani ya kigeni yaliyoletwa na mradi. Nilitamani kulia. Ni ya Afrika hii hii, yaliota yenyewe kwenye mabonde yenye maji kabla ya mradi wowote, na ni kutoka Afrika ndiyo yalipelekwa hadi India na Brazili, watu wa huko wakafugia ng'ombe. Wageni ni vetiva, ambayo asili yake ni India, na gwatemala, ambayo jina lake lenyewe linasema ilikotoka. Sina ugomvi nayo, vetiva inashika udongo vizuri mno. Ila la kwetu liitwe la kwetu.

Ukiishiwa mbegu, usipokee kwa mtu kabla hujaona shamba lake lilivyochipua baada ya kukatwa. Kuna ugonjwa wa kudumaa. Shina lenye ugonjwa laweza kuonekana zima mpaka likatwe, halafu linachipua vijani vidogo vya njano, vingi, vyembamba, havinyanyuki. Mama mmoja wa kitongoji cha jirani alipewa pingili za bure namna hiyo, ikabidi ang'oe kingo nzima na kuichoma. Ukiona shina moja tu la namna hiyo, ling'oe siku hiyohiyo, usilionee huruma, na panga ulilolikatia lisafishe kabla halijagusa jingine.

Mimi mzima, goti tu linanisumbua nikipanda mlima. Maharage yameota, na yule ng'ombe mweusi anatarajia kuzaa Januari. Mbusu mjukuu wangu, msalimie mkwe wangu na jirani yako yule aliyenipa uji siku ile.

Kwenye mfuko mdogo ndani ya gunia kuna samaki, migebuka niliyoagiza Kigoma mjini. Ile iliyofungwa kwa uzi mwekundu ni ya jirani. Na gunia lenyewe usilitupe, ukishapanda lirudishe na kijana aliyelileta, nalihitaji kwa maharage.

Mama yako