Mzee wa miaka 83 katoa albamu nyingine

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Huku Unguja hatujambo. Bibi yako anauliza kila siku utavuka lini kuja kutuona.

Umeniandikia kwamba bendi imevunjika, kampuni imezikalia nyimbo zenu, na wewe na mwenzako hamsemezani. Sasa unataka kuliuza gitaa, eti umri umekwenda. Baba, una umri gani wewe?

Mei 2025 Taj Mahal, yule mwanamuziki wa blues wa Marekani, alitimiza miaka 83, na mwezi huohuo akatoa albamu mpya na mwanablues mwenzake, Keb' Mo'. Sauti imezidi kukwaruza, lakini vidole havijambo. Mtu huyu alisomea ufugaji chuoni Massachusetts, akawa na mawazo ya kuwa mkulima. Kwa hiyo usinitajie uhasibu wako.

Ila ninayotaka uyajue ni ya ujanani mwake. Katikati ya miaka ya 1960, huko Los Angeles, alikuwa na bendi ikiitwa Rising Sons, pamoja na kijana mpiga gitaa hodari, Ry Cooder. Kampuni ya Columbia wakawarekodi, wakatoa santuri moja ndogo tu, nyingine zote wakazifungia kabatini. Bendi ikafa. Nyimbo zile zilikuja kutoka 1992, wenyewe wameshakuwa watu wazima. Wangengoja kabati lifunguliwe, tusingewajua. Mwaka 1968 Taj alitoa albamu yake ya kwanza, na Cooder yumo humo anampigia gitaa. Kisha kila mtu akashika njia yake.

Mwaka 2022 wakakaa tena pamoja, wazee wawili, na Joachim, mtoto wa Cooder, kwenye ngoma. Hawakuja kudaiana ya zamani. Walichukua nyimbo za wakongwe wa blues, Sonny Terry na Brownie McGhee, ambao wao wenyewe waliwapenda tangu wakiwa vijana, wakazipiga kwa raha zao. Albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Mimi naipenda kuliko hii ya 2025, ambayo kwa sikio langu imepigwa pasi mno.

Wala si kila alichogusa Taj kilinikaa. Ile albamu aliyofanya na kikundi cha taarabu cha hapa kwetu, Culture Musical Club, iliyotoka 2005, kuna mahali ganuni na gitaa vinapishana kama wageni wasiojuana. Lakini akiingia Bi Kidude, utasema nini tena?

Basi mpigie mwenzako. Ya pesa na kampuni usiyaanze wewe. Mkataba wenu ana mjomba wako, anautafutia mwanasheria. Muulize tu kama anazikumbuka nyimbo mlizokuwa mkizipiga pale skuli, kabla hamjawa na jina la bendi. Zirekodini hizo, hata kwa simu.

Nimekutumia pesa ya nyuzi. Ni ya nyuzi, si ya mambo mengine, na gitaa lisiuzwe.

Mama yako