Treni au basi kutoka Heathrow: barua kwa Mwanaidi

Leicester, Jumapili jioni

Kwako Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku, na nifikishie kwa mama na wote hapo Tanga. Ama baada ya salamu, swali lako nimelipata, na nalijibu kwa kirefu kwa sababu jibu fupi litakuponza ukiwa njiani. Unatua Heathrow na mabegi mawili ya kilo 23, kibegi cha mkononi na mkoba wa kompyuta. Upande treni au basi mpaka Leicester?

Panda basi. Treni za huku ni nzuri, na mbele kidogo nitakueleza lini uzipande, lakini si siku hiyo na si kutoka uwanja huo.

Heathrow iko magharibi ya London, Leicester iko kaskazini, na hakuna treni inayotoka uwanjani moja kwa moja kuja kwetu. Treni zote za Heathrow zinakupeleka London mjini kwanza, na treni za Leicester zinaondokea stesheni ya St Pancras. Njia iliyo bora kwa mwenye mizigo ni hii: unapanda treni iitwayo Elizabeth line hadi stesheni ya Farringdon, kama dakika 40 hivi. Hapo unashuka, unatafuta lifti, unapanda treni ya Thameslink ya kuelekea kaskazini kituo kimoja tu, unashukia St Pancras chini ya ardhi. Unatafuta lifti nyingine mpaka juu, kwenye majukwaa namba 1 hadi 4, ambako kampuni ya treni ya East Midlands Railway wanaondokea. Treni yao ni ya kasi, saa moja na dakika kadhaa umefika. Lakini jumlisha yote, pamoja na kungoja na kupotea kidogo, unapata saa mbili na nusu hivi. Basi nalo hutumia saa mbili na nusu hadi tatu na zaidi, kutegemea vituo na foleni. Ile kasi ya treni inaliwa yote na kukatiza London.

Halafu hesabu kuinua. Kwa treni unapandisha na kushusha mabegi mara tatu, na kila mara ni safari mbili kwa sababu mikono ni miwili na mizigo ni minne. Hakuna hamali. Hakuna anayepokea mzigo wako wala kuukagua kama pale SGR Dar. Unaingia na vitu vyako, unavitafutia mahali mwenyewe, na milango inafungwa kwa wakati uwe umemaliza au hujamaliza. Kwa basi, dereva anaweka mabegi kwenye buti Heathrow, anayatoa Leicester. Basi.

Kuna watakaokwambia upande Piccadilly line, ile treni ya chini ya ardhi ya zamani, kwa kuwa inatoka Heathrow hadi King's Cross St Pancras bila kubadilisha na nauli yake ndiyo ndogo kuliko zote. Wanasema kweli. Ila mabehewa yake ni membamba, hayana rafu ya mizigo, na safari ni kama saa nzima. Ukiingia jioni ya siku ya kazi utakaa umekumbatia begi moja na lingine limeziba mlango, huku watu wakiruka juu yake kwa heshima ya Kiingereza isiyoficha hasira. Kwa mwenye begi moja la magurudumu ni chaguo zuri sana. Heathrow Express nayo utaiona imetangazwa kila ukuta: dakika 15 hadi stesheni ya Paddington, na nauli ya siku hiyo hiyo ni kubwa. Paddington siko unakokwenda, kwa hiyo iache.

Sasa basi lenyewe. Kampuni inayotawala njia hii ni National Express, na hapa ndipo penye mtego ambao wengi hawaujui mpaka wafike stendi. Shirika la ndege linakuruhusu kilo 23 kwa kila begi. National Express wanaruhusu mabegi mawili ya wastani yasiyozidi kilo 20 kila moja, ya ukubwa wa kama sentimita 70 kwa 45 kwa 30, pamoja na kibegi kimoja kidogo cha kuingia nacho ndani. Jumlisha vipimo hivyo: 145. Mashirika mengi ya ndege yanakubali jumla ya 158. Kwa hiyo lile sanduku kubwa kabisa linalouzwa madukani, ambalo ndege inalipokea bila neno, kwa sheria za basi limezidi urefu na limezidi uzito. Mara nyingi dereva hana mizani. Lakini ana mgongo, na yeye ndiye anayeinua; begi likimshinda, au buti likiwa limejaa, ana haki ya kukukatalia. FlixBus, kampuni nyingine ya mabasi, nao ni kilo 20, na kwa kawaida begi kubwa ni moja tu kwa tiketi, la pili unalilipia na ni vizuri uliongeze wakati wa kukata.

Dawa yake ianzie nyumbani. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, pima kila begi, ulenge kilo 20. Vizito ni viatu, vitabu na chupa za achari. Vitabu acha, maktaba za vyuo vya huku zimejaa. Achari sitakwambia uache, ila igawe kwenye mabegi yote mawili na uifunge kwa nailoni mara mbili. Na tafadhali, lisije shangazi kaja, lile begi laini la zipu. Halina magurudumu, na kwenye buti la basi linabanwa na masanduku magumu ya watu mpaka zipu inaachia.

Terminali nayo ina maana yake. Kenya Airways wanatua Terminali 4. Emirates wanatua Terminali 3, na Ethiopian Terminali 2. Stendi kuu ya mabasi, Heathrow Central Bus Station, iko katikati ya Terminali 2 na 3, unakwenda kwa miguu na kitoroli chako. Ukitua Terminali 4 ni lazima upande treni kituo kimoja hadi Terminali 2 na 3. Ni bure, ila ugusishe kadi ya benki yenye alama ya mawimbi kwenye geti, au uchukue tiketi ya bure kwenye mashine, usipite tu. Kadi hiyo hiyo uigusishe tena ukitoka. Kitoroli hakipandi treni, kwa hiyo hapo ndipo utakapovuta mabegi mwenyewe, kisha lifti na njia ya chini mpaka stendi. Mabasi machache hupitia Terminali 4 yenyewe. Ukiona safari ya Leicester inayoanzia hapo kwa saa inayokufaa, kata hiyo.

Saa ya kukata. Hapa watu wanajipunja. Ndege kutua si wewe kutoka. Kuna kutembea, kuna foleni ya uhamiaji ambayo sisi hatupiti kwenye mageti ya mashine, kuna kungoja mabegi. Weka saa mbili na nusu kati ya kutua na kuondoka kwa basi, na kama unatokea Terminali 4 weka tatu. Utakaa na chai mkononi ukiniona mwoga, sawa. Kabla ya kulipa soma masharti ya tiketi: kuna za bei ya chini kabisa ambazo basi likikuacha imekwisha, na kuna za kuongeza pauni chache zinazokuruhusu kuhamia basi jingine. Kwa mtu anayetoka kwenye ndege, hizo pauni chache ndizo za kulipa. Ratiba zao ni za saa 24, ukiona 18:30 ujue ni saa kumi na mbili na nusu jioni.

Piga picha ya tiketi kwenye simu, kwa sababu laini yako ya nyumbani huenda isishike mtandao na intaneti ya bure ya uwanjani inaishia uwanjani. Fika stendi dakika 15 kabla, angalia skrini upate namba ya mlango, na useme "Leicester" kwa dereva kabla hajapakia. Anapanga buti kwa vituo, na begi lililowekwa upande wa Nottingham litashuka Nottingham kama hukuangalia. Bandika karatasi yenye jina na "Leicester" kwa herufi kubwa. Pasipoti, kompyuta na karatasi za chuo ukae nazo wewe. Basi likisimama kituo cha kati na buti likifunguliwa, chungulia dirishani; wizi si wa kila siku, lakini kuchukuliana begi jeusi linalofanana hutokea. Funga utepe wa kanga kwenye mpini.

Ukiona nimelipigia basi debe sana, sikiliza upande wa pili. Kama bado hujakata tiketi ya ndege, angalia Gatwick, uwanja mwingine wa London. Pale stesheni iko ndani ya South Terminal, na Thameslink inatoka hapo hadi St Pancras moja kwa moja, kama dakika 50, bila kubadilisha. St Pancras unapanda lifti hadi majukwaa ya juu, treni ya Leicester iko hapo hapo. Mabadiliko ni mamoja tu ndani ya jengo moja. Basi kutoka Gatwick linazunguka London kwa barabara ya M25, na huenda likapita Heathrow njiani. Kutoka Gatwick, hata na mabegi mawili, mimi ningekwambia treni.

Na kama nauli inaruhusu, Emirates wanatua pia Birmingham. Uwanja ule una kijitreni cha bure cha dakika mbili hadi stesheni ya Birmingham International, kisha stesheni ya New Street mjini Birmingham, kisha Leicester karibu saa moja. London yote umeikwepa. Ni hiyo ningeitafuta kwanza.

Mizigo kwenye treni sheria yake ni laini zaidi: vitu vitatu bure, viwili vikubwa visivyozidi sentimita 90 kwa 70 kwa 30 na kimoja cha mkononi, na kilo hakuna anayeuliza. Tatizo ni nafasi. Rafu za mabegi makubwa ziko mwishoni mwa behewa karibu na mlango na hujaa upesi. Ile ya juu ya kiti inatosha koti na kibegi. Ingia mapema, weka begi zito chini, ukae kiti unachoona rafu, na kila kituo inua macho. Ukitokea Heathrow kwa Elizabeth line licha ya maneno yangu yote, panda mabehewa ya nyuma, maana Farringdon lifti za kwenda Thameslink ziko upande huo na treni ina urefu wa zaidi ya mita 200.

Tiketi za treni nazo: ile iitwayo Advance ni rahisi ila imefungwa kwenye treni moja tu. Ndege ikichelewa, imekufa, na hakuna wa kumlalamikia. Off-Peak inakuruhusu treni nyingi, lakini jioni za siku za kazi kutoka St Pancras kuna saa isizofanya kazi, na huenda hizo ndizo saa utakazofika. Anytime inafanya kazi wakati wote na bei yake inaumiza. Ukishatulia chukua Railcard ya vijana na wanafunzi, pauni 35 kwa mwaka, inakata theluthi moja ya nauli. Safari mbili tatu za London imejilipa.

Wakati wa kurudi likizo mambo yanageuka. Utakuwa na begi moja jepesi, na kinachotisha si kuinua tena, ni kuachwa na ndege. M1 na M25 ajali moja tu inaweza kukugandisha saa nzima, hasa Ijumaa alasiri. Kwa hiyo kwenda uwanjani mchana wa siku ya kazi, treni. Ukichagua basi, lichague linalofika Heathrow muda wa saa nne nzima kabla ya ndege kuondoka. Treni ikichelewa dakika 15 kampuni inakurudishia sehemu ya nauli, lakini tiketi ya ndege iliyopotea hairudishi mtu. Jumapili angalia kwanza kama kuna matengenezo ya reli, maana siku hiyo ndipo wanapong'oa mataruma, na "treni" yako inageuka basi la kufidia. Ndege ya alfajiri, basi la usiku ndilo pekee. Na tarehe 25 Desemba hakuna treni hata moja nchi nzima, wakati mabasi machache ya National Express hutembea. 26 treni nyingi bado zimelala. Ukipanga kuja au kwenda siku hizo, basi likatwe mapema kabla hayajajaa.

Mwisho wa safari: basi linakushusha stendi ya St Margaret's, kaskazini ya katikati ya mji. Stesheni ya treni iko London Road, ndiyo iliyo karibu zaidi na chuo chako. Na mizigo yote hiyo teksi utapanda kokote utakaposhukia, kwa hiyo lisikubabaishe.

Niandikie shirika la ndege, terminali na saa ya kutua, nami nitakutumia safari mbili za basi uchague kabla bei haijapanda.

Wako,
Saumu