Una lenzi ya zamani ya chuma? Tuambie kwanza una kamera gani

Swali ambalo halikauki dukani kwetu ni hili, "kaka nimepata lenzi ya zamani, ile nzito ya kuzungusha kwa mkono, itaingia kwenye kamera yangu?" Na sisi hatujibu mpaka tujue kamera ni ipi, maana lenzi zenyewe nyingi ni nzima, bodi, yani mwili wa kamera, ndo inaamua.

Iko hivi. Kila kampuni ina kipimo chake cha umbali kutoka pale lenzi inapofungwa mpaka kwenye filamu, au siku hizi kwenye sensa. Lenzi za skrubu za M42, yani Helios zilizokuja na kamera za Zenit za Urusi, Takumar za Pentax na nyingine kibao, zinataka milimita 45.46. DSLR ya Canon, yani ile kamera yenye kioo cha kunyanyuka ndani, ina 44, kwa hiyo inabaki nafasi ya milimita moja na nusu hivi, adapta nyembamba ya chuma, ringi ya kuunganisha lenzi na bodi, inaenea hapo na unapiga hadi mlima wa mbali unatoka safi. DSLR ya Nikon ina 46.5, hapo umeshapitiliza hata adapta haijakaa! Lenzi itafunga vizuri tu, ua la karibu utapiga, ila mtu akirudi nyuma mita chache fokasi haimfikii tena, hata uzungushe mpaka mwisho. Zipo adapta zenye kioo ndani za kutibu hilo, tunaziuza kwa anayezitaka, ila zile za bei ya chini zinapunguza ukali wa picha na mteja tunamwambia ukweli. Cha kuchekesha, lenzi za Canon zenyewe za zamani, zile FD, zinataka milimita 42, kwa hiyo hazikai vizuri kwenye DSLR ya Canon, ndugu kwa ndugu hawaelewani.

Wenye kamera za kisasa zisizo na kioo cha kunyanyuka ndo wamekula bingo. Sony E ni milimita 18, Canon RF 20, Nikon Z 16. Nafasi ni kubwa kiasi kwamba adapta ni kibomba kitupu tu, hakina kioo hakina umeme, na karibu lenzi yoyote ya kamera za filamu za 35mm inaingia, FD ikiwemo.

Tahadhari moja kwa watu wa Nikon: lenzi za Nikon zenyewe za kabla ya 1977 ambazo hazijafanyiwa marekebisho, usizilazimishe kwenye bodi kama D7100 au D750, kuna kidude kidogo pembeni ya maunti (pale lenzi inapofungwa) kinaweza kuvunjika. D3200 au D5300 hazina hicho kidude, lenzi inaingia, ila kamera haitakupimia mwanga, utaweka kamera kwenye M, ya kupanga kila kitu mwenyewe, ukisie na kuangalia picha.

Haya, imeingia, mbona kamera haipigi? Hii ndo inarudisha watu dukani kwa hasira wakidhani adapta ni mbovu. Kamera haioni umeme wowote kwenye lenzi ikadhani hamna kitu mbele, ingia kwenye menyu utafute sehemu ya kuruhusu shata bila lenzi, iwashe. Kama bodi yako ina kitulizaji cha mtikisiko ndani, iambie mwenyewe urefu wa fokasi ulioandikwa kwenye lenzi, mfano 58mm, isije ikatuliza kwa kipimo cha lenzi nyingine. Washa zile rangi zinazoonyesha palipo na fokasi, halafu kuza picha kwenye skrini uhakikishe jicho, maana ukifungua apecha, tundu la kupitisha mwanga, hadi f/2 hata pumzi ya unayempiga inatosha kumtoa. Apecha unazungusha kwenye lenzi yenyewe, kamera ukiiweka A inachagua spidi, na Takumar nyingi zina kiswichi chao cha A na M kwenye lenzi, hicho kiweke M la sivyo apecha haijifungi kabisa.

Na usishangae 58mm kwenye sensa ndogo ya kropu 1.5 (zidisha urefu wa lenzi kwa 1.5) ikaonekana kama 87, kwa picha za sura ni nzuri mno, kwa harusi ya sebuleni utagonga mgongo ukutani. Helios 44-2 watu wanaitafuta kwa ile nyuma ya picha inayozunguka kama maji kwenye karai, mpange mtu mbele ya majani ya mbali kidogo yenye mwanga unaopenya, apecha wazi, utaiona.

Kabla hujatoa hela kwa mtu yeyote, washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi uchungulie upande wa pili. Hapa Pwani na joto letu la unyevu fangasi ni ugonjwa wa kila siku, utaona nyuzi nyuzi kama za buibui. Ikiwa changa tunafungua na kuisafisha, ikishakula rangi ya kinga ya kioo alama haitoki, na bei tunakwambia baada ya kuiona sio kwenye simu. Vumbi kidogo wala lisikusumbue. Angalia pia majani ya apecha, vile vyuma vyembamba vinavyofunga tundu, kama yana mafuta, na ringi ya fokasi kama imekuwa ngumu, grisi ya zamani hukauka na hiyo ni kazi ndogo. Baadhi ya Super-Takumar 50mm f/1.4 zina kioo kilichogeuka njano kwa sababu ya thoriamu iliyomo ndani yake, hiyo sio uchafu, taa ya UV inaipunguza ila inachukua siku kadhaa, kwa hiyo utaiacha hapa.

Ukija beba bodi yako pia, na betri iwe na chaji, adapta tunaijaribu hapo hapo mezani kabla hujalipa.