Usiifiche habari ya Salma

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi, na za shemeji pia. Sisi wazima, alhamdulillahi, mvua tu ndiyo imetuzidi. Ujumbe wako niliupata juzi, nikaona haujibiki kwa maneno mawili.

Pole kwa hofu. Ultrasaundi kusema ini liko kushoto, bandama kulia na moyo umeelekea kulia si kwamba mtoto anaumwa. Kaumbwa hivyo, kama sura kwenye kioo, tangu wiki za mwanzo tumboni mwako. Hali hii ya viungo kugeuka pande humpata takriban mtu 1 kati ya 10,000, na wengine huzeeka bila kujua. Kule Oregon, Marekani, bibi Rose Marie Bentley alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 99. Mwili wake aliusia upewe chuo, na wanafunzi wa udaktari ndio waliokuta viungo vya tumboni vimegeuka, moyo peke yake uko kushoto. Na kidole tumbo alishawahi kutolewa!

Lakini hilo la kuficha, shoga, hapana. Mama mkwe kasema watu wasijue, mimi nakwambia wajue. Nashinda chumba cha upasuaji, naona. Mtu akija anatapika, ana homa, tumbo linauma chini kushoto, nani atawaza kidole tumbo, ambacho kwa kawaida kiko kulia? Cha Salma kiko huko huko. Wakikawia kikapasuka, usaha unamwagika tumboni. Hata akija kupata mawe ya nyongo ukubwani, daktari itabidi ahamie upande mwingine wa kitanda, na aliyezoea mkono wa kulia ataona kazi inadai wa kushoto. Mishipa na mirija ya nyongo nayo huenda imepita njia yake yenyewe. Lazima picha zitangulie, asikate mtu kwa mazoea.

Basi iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, wino mwekundu. Mwambie mwalimu. Mwambie na bibi wa Tanga, maana likizo zote mtoto yuko kwake. Hao wanaosema ni laana niachie mimi, Idi nakuja.

Yale mafua yake yasiyoisha bado yapo? Na kikohozi? Usidharau: karibu robo ya wenye hali hii, vinyweleo vya njia ya hewa havisafishi makohozi sawasawa. Moyo wamempima? Picha mmepewa, au zimebaki hospitali? Shemeji mwenyewe anasemaje? Na wewe, unalala?

Nijibu upesi.

Shoga yako,
Mama Faraja