Ameshasema, yameandikwa

Ndugu Mhariri,

Juzi usiku nilitazama filamu ya makala kuhusu wanawake wanaowalinda watoto walioteswa na waliotelekezwa. Nilikuwa nesi wa wodi ya watoto kwa miaka 31 kabla sijastaafu, kwa hiyo mengi niliyoyaona mle hayakuwa mageni kwangu. Lakini kuna sehemu moja fupi, haifiki hata dakika, iliyoninyanyua kitini. Ofisa mmoja anainama mbele ya mvulana mdogo, daftari mkononi, anamwambia aeleze tena. Mama aliyeketi na mtoto ananyoosha mkono na kuuweka juu ya lile daftari. Anasema: "Ameshasema. Yameandikwa. Soma." Basi. Hakupaza sauti. Filamu iliendelea na mambo mengine, mimi nikabaki na kile kiganja.

Nilibaki nacho kwa sababu mimi, siku yangu ilipofika, sikuuweka mkono wangu.

Miaka mingi iliyopita tulilaza binti wa miaka saba, mkono umevunjika karibu na kiwiko. Aliyemleta alisema ameanguka kitandani. Picha ya eksirei ilisema mengine: mbavu mbili zilikuwa zimeshavunjika siku za nyuma na kuunga zenyewe. Usiku ule mtoto alimweleza nesi wa mapokezi. Akamweleza daktari wa zamu. Asubuhi akamweleza daktari bingwa, wanafunzi wa udaktari wamekizunguka kitanda. Mchana akaja polisi, jioni polisi mwingine, kwa kuwa maelezo ya kwanza hayakukamilika. Kesho yake akaja ofisa wa ustawi wa jamii. Mwisho akaja ndugu wa familia, akaruhusiwa kuingia nje ya saa za kuona wagonjwa, na huyo hakuja kumsikiliza mtoto, alikuja kujua amesema nini.

Watu saba. Kwa wa kwanza alisema amevutwa mkono. Kwa wa tano alisema amesukumwa. Kwa wa saba alisema ameanguka. Baadaye tofauti hiyo ya kuvutwa na kusukumwa ndiyo iliyoshikiliwa: mtoto anajichanganya, maneno yake hayaaminiki. Mimi nilikuwa pale muda wote, nimeshika trei ya dawa. Usiku, nilipokuwa namgeuza alalie upande usiouma, aliniuliza, "Mama nesi, na kesho nitasema tena?" Nikamjibu, "Lala, mwanangu."

Asiyekaa na watoto hudhani mtoto akibadili neno amedanganya. Mtoto ukimuuliza jambo lile lile mara ya pili, anaelewa kwamba jibu la kwanza lilikuwa na kosa, kama anavyozoea darasani. Basi anatafuta jingine litakalomridhisha mkubwa aliye mbele yake. Na ukimuuliza "Ni baba aliyekupiga?" umeshampa jibu mkononi, na hata kama ndilo la kweli, umelitia doa. Swali la haki ni moja: "Niambie kilichotokea." Halafu unanyamaza, hata kimya kiwe kirefu kiasi gani.

Haya si mageni duniani. Mwaka 1985 mjini Huntsville, Alabama, mwendesha mashtaka mmoja alichoka kuona watoto wakizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi, kikaanzishwa kituo ambamo polisi, madaktari na watu wa ustawi wanamwendea mtoto badala ya mtoto kuwaendea wao. Iceland ilifungua nyumba yake mwaka 1998, wanaiita Barnahus, yaani nyumba ya watoto. Mtoto anazungumza na mtu mmoja aliyefunzwa, katika chumba kinachofanana na sebule kuliko kituo cha polisi. Wengine wote, pamoja na wakili wa mshtakiwa, wanafuatilia kutoka chumba kingine, na mwenye swali hulipitisha kwa yule aliyeketi na mtoto. Mazungumzo yanarekodiwa. Naona ni haki kwa pande zote mbili. Hata anayetuhumiwa ananufaika maneno ya mtoto yakihifadhiwa mabichi, kabla hayajachujwa na watu saba.

Kitu kingine ambacho filamu ile imekipatia, na sijawahi kukiona kikionyeshwa vizuri hivyo, ni utelekezaji. Kipigo kina ushahidi. Tangu daktari Henry Kempe na wenzake walipoandika mwaka 1962 kuhusu watoto wanaopigwa, madaktari wamefundishwa kutilia shaka mifupa iliyovunjika kwa nyakati tofauti na hadithi isiyolingana na jeraha. Utelekezaji hauna eksirei. Kuna mtoto mchanga mle ndani, labda wa miezi minane, amelazwa chali na halii. Mgeni anasema mtoto huyu mtulivu. Mama anayemtunza anatikisa kichwa, anampitishia kidole mbele ya macho, anamgeuza kichwa taratibu na kuonyesha nyuma ya kisogo, pale nywele zilipoisha kwa kulala upande mmoja siku nyingi. Mtoto aliyelia mara nyingi na hakuna aliyekuja huacha kulia. Nimewapokea wa namna hiyo wodini. Tulifurahi siku walipoanza kupiga kelele, maana kelele ilimaanisha wameanza kutegemea kwamba kuna mtu atakuja.

Wanawake wale pia hawakuchanganya umaskini na utelekezaji, na hapa nawapa heshima kubwa. Mmoja alimrudisha mtoto kwa mama asiye na kitu, akaendelea kumtembelea kila wiki, kwa sababu mama yule alikuwa anamtazama mwanawe usoni anapomlisha. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto nyumbani. Ni rahisi kuliandika. Kulifuata kunataka mtu arudi nyumba ile ile kila wiki, na viatu vyake vinachakaa.

Nilipomwona mwanamke huyo wa kwenye filamu akitembea nilimkumbuka Etta Wheeler wa New York, mwaka 1874. Alikuwa akitembelea wagonjwa na maskini, akasikia habari za msichana wa miaka kama kumi, Mary Ellen, anayepigwa na kufungiwa ndani. Aligonga milango mingi, mpaka akaufikia wa Henry Bergh, mwanzilishi wa shirika la kuwatetea wanyama. Bergh alitaka ushahidi, na Etta akaenda kuutafuta kwa majirani, watu wazima waliokuwa wamesikia na kuona. Kesi ikashinda. Halafu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, Mary Ellen alilelewa na mama yake Etta, na mama huyo alipofariki akachukuliwa na dada yake Etta. Alikua, akaolewa, akazaa, akaishi hadi 1956.

Sasa nisiwafiche waliotengeneza filamu kilichoniuma. Karibu na mwisho, mvulana yule yule ambaye mama alizuia asiulizwe tena ameketishwa mbele ya kamera na anaeleza yote. Uso wameufunika ukungu, lakini sauti ni yake, na kulia ni kwake. Aliyemjua atamtambua kwa sauti. Mkono uliokuwa juu ya daftari la ofisa haukuwa juu ya kamera. Sidhani kama walikuwa na nia mbaya, pengine walitaka tuguswe. Lakini tulishaguswa na kile kiganja. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao katika kifungu cha 19 unataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili na utelekezaji, ndio huo huo ambao katika kifungu cha 16 unalinda faragha yake. Akiwa na miaka ishirini, akitaka kuyasema mwenyewe, ayaseme. Leo yangetosha maneno ya mama anayemlinda.

Ninakuomba, Mhariri, ombi hili lifike pia kwa waandishi wako wanaotumwa kuandika habari za watoto kama hawa. Waulizeni wakubwa.

Na kwa manesi walioko zamu usiku wa leo: akija mtu wa pili na daftari kitandani kwa mtoto, mpeni kilichoandikwa na wa kwanza. Kama hakuna kilichoandikwa, andikeni ninyi. Tarehe, saa, nani alikuwepo, swali mlilouliza, kisha maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, msiyanyooshe wala kuyafanya ya kikubwa. Akisema "aliniminya hapa", andikeni "aliniminya hapa", na muandike mkono wake ulikuwa unaonyesha wapi.

Nesi mstaafu, wodi ya watoto